UTI haitoki kwenye choo cha jirani

Ng'ambo, hapa Tabora mjini, kuna nyumba moja ya wapangaji yenye vyumba sita na choo kimoja. Wanawake wawili wa nyumba hiyo walikaa miezi miwili bila kusalimiana. Mmoja alikuwa amepimwa akaambiwa ana UTI, akarudi nyumbani akimtafuta aliyemwambukiza. Hakwenda mbali. Jirani wa chumba cha tatu ndiye aliyekuwa akitoka chooni bila kumwaga maji, basi kesi ikahukumiwa hapohapo. Dawa alikunywa, akapata nafuu, baada ya wiki tano ugonjwa ukarudi. Uliporudi alinunua kufuli, akafunga choo. Ugomvi wa kufuli ndio ulionifikia mimi.

Mimi ni mtu wa maabara. Mikojo ya watu naipokea kwenye vikopo tangu asubuhi, naitazama kwenye hadubini, naandika majibu. Yule dada alinijia na karatasi tatu za majibu kutoka vituo vitatu tofauti, akaniuliza swali ninaloulizwa karibu kila siku: "Dada, hivi choo kichafu kinampaje mtu UTI?" Nikamjibu kwamba hakimpi. Alinitazama kama mtu anayefichwa jambo. Kumweleza kulichukua mchana mzima wa Jumamosi, na nimeona niyaandike niliyomwambia, maana kufuli kama lile limefungwa kwenye nyumba nyingi, na kwenye ndoa nyingi pia.

Tuanze na jina. UTI ni kifupi cha Kiingereza cha maambukizi ya njia ya mkojo. Njia hiyo inaanzia kwenye figo mbili zilizo mgongoni, chini ya mbavu. Figo huchuja damu usiku na mchana: kwa siku moja hupitisha takriban lita 180 za majimaji, karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki, lita moja hadi mbili, ndio mkojo. Mkojo hushuka kwa mirija miwili myembamba hadi kwenye kibofu, hukaa humo ukisubiri, kisha hutoka nje kwa mrija mmoja. Maambukizi yakiishia kwenye kibofu, mtu hukojoa kwa maumivu ya kuchoma, huenda haja ndogo kila mara na kutoa matone tu, hubanwa ghafla, tumbo la chini huuma, pengine mkojo huwa na ukungu au damu. Yakipanda hadi kwenye figo, hapo huja homa kali, kutetemeka, maumivu ya ubavuni na kutapika. Hiyo ya pili ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Sasa, nani anaambukiza? Katika UTI za kibofu za kawaida, takriban asilimia 75 hadi 80 husababishwa na bakteria mmoja aitwaye E. coli. Jina lake linatokana na daktari Mjerumani, Theodor Escherich, aliyemweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1885 baada ya kumkuta kwenye kinyesi cha watoto wachanga. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. E. coli anaishi kwenye utumbo wa kila mtu: wangu, wako, wa jirani wa chumba cha tatu, wa mtu msafi kuliko wote unayemfahamu. Na anatusaidia, kwa mfano katika kutengeneza vitamini K.

Sisi watu wa Tabora tunawajua nyuki. Mzinga ukiwa juu ya mti porini, nyuki ni mali: wanaleta asali, wanaleta nta, mtu anapita chini yake na hakuna neno. Kundi hilohilo likihamia darini mwa nyumba yako, mtalala nje. Nyuki hawajabadilika tabia, wamebadilisha makazi tu. Ndivyo alivyo E. coli. Tumboni ni mkazi halali, kwenye kibofu ni mvamizi. Na UTI nyingi ni safari fupi ya bakteria huyo kutoka njia ya haja kubwa ya mtu mwenyewe hadi kwenye tundu la mkojo la mtu huyohuyo, kisha kupanda.

Safari hiyo kwa mwanamke ni fupi mno. Mrija wake wa kutolea mkojo una urefu wa sentimita 4 hivi, na mlango wake uko karibu na njia ya haja kubwa. Wa mwanamume una sentimita kama 20. Tofauti hiyo ya maumbile peke yake inatosha kueleza kwa nini wodi na maabara zimejaa wanawake wenye UTI, na kwa nini karibu nusu ya wanawake wote huugua angalau mara moja maishani. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimewaona wanawake wakiinamisha macho wanapopokea majibu, kana kwamba wameandikiwa kwamba ni wachafu. Sivyo. Ni suala la sentimita.

Mwili una ulinzi wake. Ulinzi mkubwa ni mkojo wenyewe: kila unapotoka kwa nguvu unawafagia bakteria waliokuwa wanapanda, kama mvua ya kwanza inavyosomba takataka mtaroni. E. coli naye ana ujanja. Wale wanaosababisha UTI wana vinywele vyenye ncha za kunasa, na hujibandika kwenye ukuta wa kibofu. Anayetembea shambani baada ya mvua anaijua mbegu ya kishonanguo: unaikung'uta na haitoki. Ndiyo maana bakteria wakipewa muda wa kukaa bila kusombwa, kazi ya kuwatoa huwa ngumu. Na muda si mrefu. Wakipata joto na chakula cha kutosha, E. coli hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja tu, akiendelea hivyo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, huzaa zaidi ya milioni 16. Ndani ya kibofu hawaendi kwa kasi ya namna hiyo kila wakati, lakini hesabu hiyo inaonyesha saa chache za kubana mkojo zinamaanisha nini.

Choo kina hatia gani, basi?

Choo kichafu kina E. coli tele, hilo silikatai. Lakini bakteria hawaruki kutoka shimoni, hawasafiri kwa mvuke wa choo, na hawapandi kinyumenyume kwenye mkojo unaoshuka. Unapochuchumaa hugusi kitu kwa sehemu zako za siri. Hata kwenye choo cha kukalia, kinachogusa ni mapaja na makalio, na ngozi ya paja si mlango wa kibofu. Maji yakikurukia, osha, basi. Choo kichafu ni hatari ya kweli kwa njia nyingine kabisa: mikono na nzi hubeba uchafu hadi mdomoni, ukaleta kuhara, homa ya matumbo, kipindupindu na minyoo. Kwa hayo yule jirani alistahili kuambiwa amwage maji. Kwa UTI hakustahili kufungiwa mlango.

Hata hivyo kuna hatia moja ya choo kichafu ambayo watu hawaitaji, nayo naiona ni kubwa. Nilimuuliza yule dada siku yake inavyokwenda. Anauza chakula sokoni. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anakunywa kikombe cha chai, na choo cha sokoni anakiogopa. Kwa hiyo hanywi maji mpaka arudi jioni. Hii ni Tabora ya mwezi wa kumi, kabla ya mvua, joto la kukausha nguo kwa dakika chache, naye kasimama mbele ya jiko la mkaa. Maji yote ya mwili yanatoka kwa jasho. Saa kumi na mbili zinapita hajakojoa, au kakojoa mara moja, kidogo, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Mvua haijanyesha mtaroni kutwa nzima.

Kwa hiyo alikuwa sahihi kwamba choo kinahusika. Hakikumpa bakteria. Kilimfanya aogope kunywa maji na aogope kukojoa. Ndivyo ilivyo kwa wasichana wa shule ambazo vyoo havina milango, na kwa shangazi yangu, ambaye akisafiri kwa treni kutoka Kigoma kuja huku hunyima koo lake maji tangu asubuhi ya safari ili asiingie choo cha behewani. Anashuka stesheni midomo imepasuka.

Maji si ushauri wa kutolea tu mdomoni. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Bulgaria kwa wanawake 140 waliokuwa wakiugua UTI mara kwa mara na wakinywa maji machache. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu kwa siku, wengine wakaendelea na kawaida yao. Katika mwaka mmoja, walioongeza maji waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Hakuna dawa hapo, ni maji matupu. Kipimo chepesi ni rangi: mkojo ukiwa wa manjano hafifu, unakunywa vya kutosha. Ukiwa wa manjano iliyokolea una kiu, na kukolea huko peke yake si dalili ya UTI, ingawa wengi huletwa maabara na hofu hiyo.

Sababu nyingine zinazojulikana ni hizi. Tendo la ndoa ni kubwa kati yake. Msuguano huwasukuma bakteria kuelekea kwenye tundu la mkojo, na ndiyo maana bibi harusi wapya huugua sana. Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa kuwa ndoa zimevunjika: kuugua UTI baada ya tendo hakumaanishi mume kakuletea ugonjwa kutoka nje. Bakteria ni wa kwako mwenyewe, tendo limemsogeza tu. UTI haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, na mume asiye na dalili hahitaji kunywa dawa. Kukojoa baada ya tendo hakugharimu kitu, na kunasaidia kumsomba aliyesogezwa.

Kuchamba nako kuna upande wake: maji na mkono vitoke mbele kwenda nyuma. Watoto wa kike wafundishwe hivyo tangu wanapoanza kujisafisha wenyewe. Wapo pia wanaojisafisha kupita kiasi, wakiingiza sabuni, dawa za kuua vijidudu au kitunguu saumu ukeni. Ukeni kuna bakteria wema wanaotengeneza tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayowazuia akina E. coli kuweka kambi pale karibu na mlango. Sabuni huwaua walinzi. Anayejisugua kwa ndani ili asipate UTI anaukaribisha ugonjwa kwa bidii yake mwenyewe, na kitunguu saumu kinaweza kumuunguza. Nje kwa maji safi, ndani paachwe pajisafishe.

Kwa mama aliyefikia ukomo wa hedhi, homoni zikipungua, walinzi haohao hupungua, na UTI huanza kumrudia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Si uchawi wala si mambo ya aibu ya uzeeni. Mwenye kisukari huugua kwa urahisi zaidi. Mwanamume mwenye umri mkubwa ambaye tezi dume imetanuka hakojoi akamaliza, na mkojo unaobaki kibofuni ni bwawa lililotuama. Mawe ya figo hufanya hivyohivyo. Na mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo amewekewa daraja la bakteria kupanda, ndiyo maana mpira utolewe mara tu usipohitajika.

Mjamzito nimemweka peke yake. Homoni za ujauzito hulegeza mirija ya mkojo, mtoto naye hukandamiza kibofu, mkojo unapita polepole. Anaweza kuwa na bakteria bila maumivu yoyote, na wasipotibiwa hupanda kwenye figo kirahisi na kuleta hatari ya kujifungua kabla ya wakati au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kwa hiyo mama mjamzito asikatae kikopo cha mkojo kliniki eti hana dalili. Kwa mtu mzima mwingine mwenye afya, asiye mjamzito na asiye na dalili, bakteria wakionekana kwenye mkojo kwa kawaida hawahitaji dawa.

Si kila karatasi iliyoandikwa UTI ina UTI

Hapa ndipo panaponiuma mimi kama mtu wa maabara. Siku hizi homa yoyote, uchovu wowote, mgongo wowote, jibu ni "malaria na UTI", au "UTI na taifodi". Kuna utafiti wa hapa nchini, uliochapishwa mwaka 2014, uliowachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara. Waliokutwa na maambukizi ya njia ya mkojo walikuwa asilimia 5.9. Wengi mno, asilimia 62, walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. UTI kwa mtoto mwenye homa ipo na isipuuzwe, lakini haiko kwa wingi unaosemwa.

Makosa mengi huanzia kwenye kikopo. Mkojo wa mwanzo hupita ukisomba seli na bakteria wa ngozi ya nje. Ukiukinga huo, lazima nitaona vitu, na kuna atakayeviita UTI. Unatakiwa unawe kwa maji, uanze kukojoa chini, ukinge wa katikati, umalizie chini. Kikopo kiwe safi kutoka maabara, si kichupa cha losheni kilichosuuzwa. Kisha kiletwe mara moja. Nimewahi kupokea kikopo kilichokaa tangu alfajiri kwenye kikapu cha baiskeli, juani, mpaka saa tano. Kumbuka ile hesabu ya dakika 20. Bakteria wachache wa ngozini wamegeuka jeshi humo njiani, na mgonjwa akaandikiwa dawa za ugonjwa uliokulia kikapuni. Mkojo usiwekwe nje ya jokofu zaidi ya saa mbili.

Kipimo kinachotoa jibu la uhakika ni kuotesha mkojo: tunaupanda kwenye chakula cha bakteria, tunasubiri siku mbili au tatu, tunaona nani ameota, wangapi, na dawa ipi inamuua. Si kila kituo kinaweza, na mwenye dalili za wazi kwa mara ya kwanza anaweza kutibiwa bila kusubiri. Lakini anayeambiwa ana "UTI sugu" aoteshewe. Naliomba hilo kwa kila ninayekutana naye.

Neno hilo "sugu" limebeba mambo matatu tofauti. Kuna mwenye bakteria aliyezoea dawa, asiyekufa kwa dozi. Kuna aliyepona kabisa akaambukizwa upya na bakteria mwingine wa tumboni mwake, kwa sababu chanzo, tuseme kiu ya kutwa, hakijaguswa. Na kuna ambaye hajawahi kuwa na UTI. Huyu wa tatu ananisikitisha zaidi. Kwa mwanamume anayechomwa na mkojo huku usaha ukimtoka, cha kufikiriwa kwanza ni kisonono, na hapo mwenzi wake lazima atibiwe. Mwanamke anayewashwa na kutokwa na uchafu huenda ana fangasi. Na mkoa huu wa majaruba ya mpunga na mabwawa una kichocho cha mkojo, ambacho minyoo yake huingia kwa kupenya ngozi ya anayesimama majini. Wenzetu wa ukanda wa Ziwa Viktoria wanasumbuliwa zaidi na kichocho cha tumbo. Cha mkojo huleta damu mwishoni mwa mkojo na maumivu yanayofanana na UTI, na antibiotiki zote za dukani haziwezi kumgusa mnyoo huyo. Anataka prazikwanteli. Ukishuku kichocho, lete mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na huo ulete mpaka tone la mwisho, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Kwenye hadubini yai lake lina mwiba mmoja mkiani, ukiliona mara moja hulisahau. Mama mmoja mkulima wa mpunga alikuwa amemeza dozi nne za "UTI sugu" kabla ya mtu yeyote kumuuliza analima nini.

Dozi hizo tunazipataje? Tunaingia duka la dawa tunasema "nipe za UTI". Wengine wanatoka na flajili, ambayo haimuui E. coli hata kidogo. Wengine wanapewa azithromaisini, isiyofika kwenye mkojo kwa kiwango cha kutosha. Wengine wananunua nusu dozi kwa sababu fedha ndiyo iliyopo, maumivu yakitulia siku ya pili wanaweka zilizobaki kabatini. Wanaokufa siku ya kwanza ni bakteria dhaifu. Wanaobaki ndio watakaorudi, na dawa ileile haitawatisha. Ukienda duka la dawa, nenda na cheti, na umalize ulichoandikiwa.

Yule dada wa Ng'ambo nilimwoteshea. Aliota E. coli peke yake, wengi, na mbili kati ya dawa alizokuwa amenunua mwanzo hazikumfanya kitu. Ya tatu ilimuua. Daktari akamwandikia hiyo, na tukakubaliana kuhusu chupa ya maji ya lita moja na nusu iende sokoni kila siku na irudi tupu, na kuhusu choo cha msikitini karibu na soko, ambacho mlinzi wake ni mjomba wake na hangemkatalia.

Alipokuja kuchukua majibu aliniomba nimwandikie jina la yule bakteria kwenye karatasi, akamwonyeshe jirani wa chumba cha tatu. Niliandika kwa herufi kubwa, na chini ya jina, kwa ombi lake mwenyewe, nikaandika alikotoka.